Ushauri: Napikia vitafunwa nyumbani Texas, kuna mtu anatishia kunishtaki

Mama Visheti
Habari zenu wakuu. Niko Houston mwaka wa sita sasa. Asubuhi nahudumia wazee, jioni na wikiendi napika vitafunwa nauza kwa watu wetu. Sina duka wala bango, ni grupu la WhatsApp tu. Jiko langu ni la umeme, hapa hapa apatimenti, ghorofa ya pili, na anayenijua anajua usafi wangu.

Wiki iliyopita mteja mmoja kanijia juu kwenye grupu mbele ya watu zaidi ya mia, ananiuliza leseni iko wapi, eti akitaka ananipeleka kwa watu wa afya. Tangu siku hiyo silali. Niliwahi kusikia sisi wadogo tunaopikia nyumbani tumesamehewa leseni. Ni kweli? Naombeni ushauri, bila matusi tafadhali.

Ankali Dulla
Nimekaa pale. Ngoja waje wa Texas.

Binti Pangani
Pole dada yangu. Huo ni wivu, hakuna kingine. Mimi huku Minnesota niliuza kaimati Ramadhani moja tu, wifi yangu akasambaza habari kwamba narudia mafuta. Mafuta nilikuwa nayanunua dumu jipya kila Ijumaa! Hadi leo hatusalimiani, na mtoto wake ndiye anayeng'ang'ania kuja kwangu kula. Mtegemee Mungu, huyo mteja mblock.

Mbeba Maboksi
Kublock hakumzuii kupiga simu. Nijibu alichouliza, maana mke wangu anapika keki hapa Katy, jirani na Houston, na tumeipitia sheria mstari kwa mstari.

Ni kweli, msamaha upo, na sio wa jana. Texas ilianza nao 2011, ukapanuliwa 2013 na tena 2019. Mpya kabisa ni muswada wa Seneti namba 541, ulioanza kutumika tarehe 1 Septemba 2025. Ukipikia nyumbani kwako na mauzo yako ya mwaka hayajavuka dola 150,000 (zamani mwisho ulikuwa 50,000), hutakiwi leseni, na jiji au kaunti haina ruhusa ya kukudai kibali wala ada. Unachotakiwa ni kufanya kozi ya usalama wa chakula, ipo mtandaoni na haikufilisi. Halafu kila pakiti iwe na lebo: jina lako, anwani, jina la chakula, vitu vinavyoleta mzio kama ngano, maziwa na karanga, pamoja na lile tangazo la herufi kubwa kwamba chakula kimetengenezwa kwenye makazi yasiyokaguliwa wala kupewa leseni na serikali. Kama hutaki watu wajue unapokaa, jisajili Idara ya Afya ya jimbo, wanakupa namba unaiweka badala ya anwani.

Sasa dada, "vitafunwa" ni neno pana. Vitafunwa gani?

Mama Visheti
Asante sana mkuu, umenitua mzigo. Lebo ninazo, nilichapisha 500. Ni vitafunwa vya kawaida tu, mandazi, visheti, kashata, na vingine vya sherehe.

Kisiki cha Mpingo
Mnajisumbua na Texas. Hapa kwetu Mbagala mke wangu alikuwa anakaanga mihogo jioni, mgambo wakipita wanaondoka na karai, mihogo ikiwa bado inachemka. Mara tatu! Mwishoni mwa 2018 Magufuli akaleta vile vitambulisho vya elfu ishirini, kwa wale ambao mauzo yao hayafiki milioni nne kwa mwaka. Mama watoto alikivaa shingoni mpaka msibani. Mgambo akitokea, yeye anakigeuza tu upande wa picha. Huo ndio msamaha, hata lebo hauna.

Mbeba Maboksi
Dada, "vingine vya sherehe" ndiyo vipi?

Mama Visheti
Sambusa.

Mbeba Maboksi
Za nini?

Mama Visheti
Mkuu, si sambusa jamani. Za kawaida.

Ankali Dulla
Kwetu za kawaida ni za viazi, kwa mjomba ni za nyama. Sema mama.

Mama Visheti
Za nyama. Lakini nisikilizeni kabla hamjanihukumu. Nyama nanunua duka la halali, inasagwa mbele ya macho yangu, naikausha na tangawizi na ndimu mpaka haitoi tone. Miaka mitatu hakuna aliyeumwa. Huyo aliyelalamika mtoto wake alikula pia keki ya dukani siku hiyo hiyo. Na nimeshapokea oda ya harusi, sambusa 600, siku kumi na mbili kutoka leo. Siwezi kurudi nyuma. Kwenye lebo nimeandika SAMBUSA tu, mlaji mwenyewe anajua kilichomo.

Mbeba Maboksi
Hapo ndipo penyewe, na ndiyo maana ulikuwa unazungukazunguka. Sheria mpya imegeuza utaratibu. Zamani walitaja vinavyoruhusiwa, sasa karibu kila kitu kinaruhusiwa isipokuwa vilivyotajwa, na cha kwanza kwenye orodha ni nyama na bidhaa zake. Kuku naye hayumo, samaki na dagaa wa baharini hawamo, maziwa mabichi, vyakula vya kopo visivyo na uchachu, barafu na jamii yake (wale mnaouza lambalamba za ubuyu mnisikie). Kuikausha nyama hakukusaidii. Hata ingekuwa kijiko kimoja kwa kila sambusa, umetoka nje ya msamaha, na nje ya msamaha wewe ni mgahawa usio na leseni. Na lebo isiyotaja nyama inaonyesha ulijua.

Fundi Bomba
Weka jodari basi, tatizo limekwisha 😂

Mbeba Maboksi
Nimesema samaki hawamo, Fundi. Unasoma au unapita?

Shemeji wa Riverside
Huku California kuna sheria ya 2018, mama wa nyumbani anauza pilau la moto na nyama ndani yake, kihalali kabisa. Sharti kaunti yako iwe imekubali (Riverside ndiyo ilitangulia), wanakuja kukagua jiko, na usizidishe milo 30 kwa siku. Hama dada.

Mama Visheti
Siwezi kuhama kwa sababu ya sambusa, shemeji.

Na sipendi mnavyonichora kama mtu mchafu. Juzi Jumamosi gesi iliniishia katikati, sambusa 80 ziko kwenye mafuta, zikalegea zikanyonya. Nilizimwaga zote, sikuuza hata moja. Mtu wa tamaa angefanya hivyo?

Ankali Dulla
Wakuu simameni kidogo. Kwenye uzi kasema jiko la umeme, ghorofa ya pili. Sasa hivi gesi imemwishia. Gesi ya kuisha, Houston, kwenye jiko la umeme? Hii chai, tena ina iliki. Huyu yuko Tabata anatuzungusha.

Fundi Bomba
Nilianza kushtuka pale kwenye lebo 500. Miaka mitatu ya biashara bubu, lebo za nini? Mods fungeni uzi.

Binti Pangani
Na mimi nishamwaga siri zangu za wifi humu kwa ajili ya chai! 😭

Mama Visheti
Sio chai jamani. Jiko la umeme ninalo, ila nikikaangia ndani king'ora cha moshi kinalia hadi jirani wa chini anagonga dari kwa fagio. Ndiyo maana kukaanga nakaangia barazani, kwa lile jiko dogo la mtungi wa gesi, mitungi nabadilisha kwenye yale makabati yaliyo nje ya sheli. Picha hiyo hapo, karai langu la kutoka Tanga, na hiyo bluu kwa nyuma ni baiskeli ya mwanangu.

Mbeba Maboksi
Afadhali ingekuwa chai.

Karai la mafuta ya moto na mtungi wa gesi kwenye baraza ya mbao, ghorofa ya pili, watu wamelala chini yako. Mkataba wangu wa nyumba unakataza hata jiko la mkaa barazani, soma wako leo kabla huyo mteja hajausoma yeye. Msamaha wa jimbo unakuondolea leseni ya chakula tu, haukulindi kwa mwenye nyumba wala kwa watu wa zimamoto.

Njia zako naona mbili. Ukitaka za nyama, kodi kwa saa jiko la biashara lenye leseni, na uwaulize kwanza wewe kama wewe unahitaji kibali gani kupikia pale. Ukitaka kubaki nyumbani, pika za dengu. Ila dengu zilizoiva zinaharibika zikikaa bila baridi au moto, kwa hiyo lazima ujisajili Idara ya Afya kwanza, uandike kwenye lebo tarehe uliyotengeneza na jinsi ya kuzitunza. Na ukaangie ndani. King'ora tafutia dawa nyingine, washa feni, fungua dirisha.

Mama Visheti
Nimempigia mama wa bi harusi nikamweleza habari ya dengu. Kanijibu, "Dengu tutakula msibani, harusini nataka nyama au hela yangu."

Kisiki cha Mpingo
Mama huyo nampigia saluti.

Shemeji wa Riverside
Alikupa kishika uchumba kiasi gani?

Mama Visheti
Dola 400.

Mbeba Maboksi
Mrudishie leo, uanze upya kwa amani. Unazo?

Ankali Dulla
Dada, uko hewani?

Mama Visheti
Nilinunulia friza. Imeletwa jana. Ndani kuna kilo kumi na mbili za nyama ya kusaga.

Fundi Bomba
Tuma lokesheni.