Nataka kuacha fegi kabla sijaumwa, motisha naipata wapi?

Kijana wa Tandika: Wakuu habari zenu, mi navuta fegi miaka mingi sasa na kiukweli siumwi chochote, sikohoi, ngazi napanda fresh, na hapo ndo tatizo maana kila nikisema naacha moyo unaniambia mbona uko poa tu. Sitaki nisubiri mpaka daktari anionyeshe eksirei ndo nishtuke. Mlioacha mkiwa wazima mlijishikiza na nini?

Mama Twins: Hongera kaka kwa kuwaza mapema. Huo uzima ndo sababu yenyewe, ukiacha kabla ya miaka 40 unakwepa karibu asilimia 90 ya hatari ya kufa mapema kwa sigara. Usiichezee hiyo nafasi.

Mzee wa Kahawa: Mdogo wangu, mi ilikuwa mwanangu, nikimbeba anageuza uso sababu shati linanuka moshi, iliniuma sana aisee. Ile ya baada ya msosi ndo ngumu kuliko zote, nikimaliza tu kula nanawa napiga mswaki natoka kutembea, na kwa mangi anakouza moja moja sikupita tena. Arosto inabana haswa siku 2, 3 za mwanzo, usingizi hakuna, hasira kibao, mwambie wife mapema.

Kijana wa Tandika: Shukrani sana mzee wangu, hiyo ya baada ya msosi ndo yangu kabisa. Shisha ya wikendi je?

Mama Twins: Hapana kaka, ni tumbaku ile ile na nikotini imo, utarudi kwenye fegi fasta.