Gudulia la marehemu babu lina namba 2 begani: lilikuwa la nini?

MjukuuWaKondoa:
Wadau, tunahamisha vitu vya marehemu babu, nimekuta gudulia nyuma ya kihenge. Zito kama jiwe la kusagia. Juu hudhurungi, chini rangi ya maziwa mgando, sikio moja, mdomo mwembamba wa kizibo, begani limegongwa namba 2. Babu alikuwa mpimaji kwenye duka la Mhindi, Manyoni stesheni. Shangazi anasema ni la maji ya kunywa. Mimi sikubali: kata haipiti, mkono hauingii kuosha. Jamaa wa vyuma chakavu (anataka nini na udongo?) kafika elfu kumi na tano. Mimi nilitaka kuweka asali ya Itigi.

MzeeWaMajengo:
Usiuze, mjukuu. Chungu chetu huchomwa kwa moto wa wazi, kinabaki na vinyweleo. Maji yanatoka jasho, ndiyo yanapoa. Hilo limechomwa tanuruni, nyuzi 1,200 na zaidi, udongo ukashikana ukawa jiwe. Maji humo hayapoi ng'o. Shangazi nampa heshima yake, ila hapo kateleza. Hayo yalikuwa ya dukani: siki, pombe kali, vitu vya kumiminia mteja kwenye chupa yake. Siki ukiiweka kwenye debe inakula bati; humo haili kitu. Hiyo 2 ni galoni. Lipime: za Kiingereza mbili ni lita 9 na kidogo, za Marekani lita 7 na nusu.

FundiUdongo:
Geuza kitako, pale pasipopakwa rangi dondoshea maji. Yakinywewa, si lenyewe. Rangi mbili hivyo ni mtindo wa Uingereza, ule mpako wa Bristol wa kuanzia miaka ya 1830. Angalia nyufa pia, mafuta ya taa hujificha humo. Na asali ikigandia kwenye shingo hiyo utalia.

MjukuuWaKondoa:
Shikamoo mzee. Nimepima kwa kopo la lita moja, mke wangu anahesabu. Tukapotea, tukaanza upya. Makopo tisa, maji yakafika shingoni! Tone la kitakoni limekaa kama shanga, halinywewi. Shangazi kaambiwa, kajibu kwamba yeye alikunywa maji humo na yalikuwa baridi, mwisho wa kesi. Asali nimeacha, nitaweka siki ya achari. Kizibo cha mdomo huu napata wapi?

MzeeWaMajengo:
Marahaba. Gunzi la mahindi. Lichonge taratibu.