Nimeshushwa kwenye pikipiki niliyoijaza mafuta mwenyewe. Kuna watu hawafai hata kusukuma toroli!

Wakuu, za jioni. Zangu mbaya. Vumbi la Rombo bado liko puani, simu inakaribia kuzima, lakini hili lazima litoke leo leo.

Yule jamaa mnamjua. Jina sitaji. Wa hapa hapa Moshi, mwenye pikipiki nyekundu yenye taa za buluu chini na stika ya simba kwenye tangi. Anayejibu salamu kwa honi. Huyo huyo.

Leo tumeondoka kundi zima kwenda Keni, huko Rombo, mahali Mangi Horombo (mangi ni chifu wa Kichaga) alipojenga ngome yake ya mawe. Wengi mnamjua Horombo kwa ile kambi ya Mlima Kilimanjaro, njia ya Marangu, mita 3,720. Ndiye huyo, mangi wa Keni. Tumepita Kiboriloni, Himo tukakunja kushoto, Marangu, Mwika, lami tupu, raha tupu. Pale Himo tulisimama sheli. Nani alitoa hela? MIMI. Tangi lilijaa mpaka likatema.

Tukaacha lami, tukaanza kilima. Katikati ya mwinuko jamaa akapiga breki: "Shuka, mzigo wewe, chombo hakipandi."

Mzigo! Mbele ya akina dada. Mbele ya watoto waliotoka kuchota maji. Mbele ya bibi aliyejitwisha majani ya ng'ombe, na naapa yule bibi aliyatua yale majani chini ili acheke vizuri.

Nikashuka. Mguu wa pili uko bado hewani, jamaa keshageuka kwa dada aliyepakiwa na mwenzetu: "Njoo wewe, hii inapanda." INAPANDA! Sekunde moja iliyopita ilikuwa haipandi! Akakanyaga gia namba moja, ekzosi ikanipulizia usoni. Mafuta yangu hayo, wakuu. Nimeyanunua na nimeyavuta.

Ngome yenyewe hata sikuelewa. Mwenyeji anaeleza habari za Horombo na vita vyake na Wamasai, mimi kichwani ni "shuka, mzigo wewe" tu, mwanzo mwisho. Nilipofika juu wenzangu walishamaliza ndizi choma. Wameniachia maganda.

Huyu mtu afungiwe leseni. Kama anayo.

Ndizi Ng'ombe: Pole mkuu. Una kilo ngapi? Tuanzie hapo.

Kona ya Himo: Bila picha hii ni chai. Hasa picha ya bibi.

Meku Halisi: Huyo namjua! Alinipiga mshikaki kutoka Mwika, watu watatu na jogoo. Trafiki alipotusimamisha akasema hanijui, eti nimemparamia njiani. Trafiki akamwamini! Jogoo wangu mpaka leo sijamwona.

Mleta mada: @Ndizi Ng'ombe kilo zimeingiaje hapa? Imepanda na yule dada NA begi lake NA spika ya muziki. Ila mimi ndiye mzigo.

Ndizi Ng'ombe: Hujajibu kilo.

Chuga Mjini: Nyie wa Moshi mna shida. Sisi Arusha tukienda kupanda kilima cha Suye kila mtu na chombo chake, hakuna cha kuombana keria. Halafu huyo Horombo wenu si Wamasai ndio waliommaliza vitani? Mnaenda kutalii nini?

Mrombo Asilia: Mguse mleta mada, Mangi usimguse. Wewe Chuga ngome yako ni ipi? Boma la Mjerumani, ambalo babu zako walilazimishwa kulijenga? Kaa kimya.

Chuga Mjini: Angalau letu lina paa.

Binti wa Uru: Mngeenda Old Moshi mkajifunze adabu. Mangi Meli alinyongwa na Wajerumani mwaka 1900, ukoo wake bado unakitafuta kichwa chake. Wewe umeshushwa kwenye pikipiki, umefungua uzi.

Mleta mada: Meli hakuwajazia mafuta waliomnyonga!!!

Meku Halisi: Dah 😂😂 huyu mtu apewe maji. Ila kama kuna anayejua habari za jogoo, mwekundu, mkia mweusi.

Shemeji wa Kibosho: Mnalia pikipiki, mimi mwenye nyumba kanikatia umeme kwa sababu napika usiku. Nani wa kunisikiliza?

Kona ya Himo: Maadamu Rombo imetajwa, kwa nini mbege ya mjini siku hizi ni sukari tupu? Mbege ni ndizi na ulezi, basi. Juzi nimekunywa kitu Majengo nikadhani ni juisi ya harusi.

Mrombo Asilia: Mjini mnauziwa maji, mkuu. Panda Mwika siku ya soko.

Mleta mada: Jamani uzi ni wa PIKIPIKI. Kaniambia shuka, mzigo wewe. MBELE YA BIBI.

Kona ya Himo: Sawa, tumesikia. @Mrombo Asilia, hiyo ya Mwika wanauza kwa kata au wanapima lita?