Kuwafundisha walimu na wataalamu wa tiba kufanya kazi na wanyama, Tanga: tuanzie wapi?

MwlMakorora

Wakuu, habari za jioni. Kitengo chetu cha elimu maalumu, Tanga mjini, kina watoto 26. Wengi wana ulemavu wa akili, saba wana usonji na wanne mtindio wa ubongo. Tunataka kuwapa mafunzo watu tisa (walimu sita, mtaalamu wa tiba kazi, mtaalamu wa viungo na afisa ustawi wa jamii) ili waanze kutumia wanyama kwenye vipindi. Miongozo ya Ulaya na Marekani tuliyoipata imejaa mbwa na farasi. Farasi hatuna, na mbwa kwa wazazi wetu wengi hapiti. Wafugaji wawili wa Pongwe wako tayari kutuazima mbuzi na punda.

Naomba kujua: mafunzo yawe ya siku ngapi na yabebe nini? Tuanze na mnyama gani? Na ni makosa gani huua mpango wa namna hii ukiwa bado mchanga?

Tibakazi_TA

Mwalimu, mnyama asifike siku ya kwanza. Hilo la kumleta mbuzi uwanjani, watoto wakafurahi, picha zikapigwa, na wiki ya tatu hakuna anayejua kipindi kilikuwa cha nini, ndilo linaloua mipango hii.

Kwa kuanzia siku tano zinatosha, saa sita kila siku, halafu vipindi kumi vya kusimamiwa kabla mtu hajaachiwa aendeshe mwenyewe. Siku ya kwanza watenganishe mambo matatu ambayo shirikisho la kimataifa la mashirika ya kazi za watu na wanyama, IAHAIO, liliyapambanua kwenye waraka wake wa 2014. Kuna tiba: lengo ni la kitabibu, anayeongoza ni mtaalamu wa fani husika, na maendeleo yanaandikwa. Kuna elimu: lengo linatoka kwenye mtaala, anayeongoza ni mwalimu. Halafu kuna shughuli za kuchangamsha tu, ambazo hata mtu wa kujitolea aliyeandaliwa anaweza kuziendesha. Mwalimu akimaliza mafunzo yenu bado ni mwalimu, hatibu. Liandikeni hilo kwenye cheti chenyewe, litawaepusha na mengi.

Siku ya pili yote iende kwenye kuandika malengo. Watu hulalamika kwamba inachosha, lakini hapo ndipo penyewe. "Kumfurahisha mtoto" si lengo. Lengo linasomeka hivi: "Atachota konzi tatu za pumba kwa mkono wa kushoto na kuzimwaga horini bila kushikwa mkono, mara nne katika tano." Kisha kila lengo lipite kwenye swali moja: mbuzi akiondolewa ikabaki ndoo, kipindi kinapungukiwa nini? Kama hakipungukiwi kitu, tumieni ndoo, haihitaji chanjo. Lakini yupo mtoto anayegoma kunyoosha mkono wake dhaifu kuelekea ndoo, na akiona mdomo wa mbuzi anaunyoosha mwenyewe. Hapo mbuzi ana kazi.

Siku ya tatu ni kuusoma mwili wa mnyama. Rekodini kwa simu video za dakika mbili mbili, mnyama peke yake bila mtoto, na mzitazame bila sauti. Kila mtu aandike dalili anazoziona na sekunde alipoziona, mlinganishe na orodha ya daktari wa mifugo. Asiyefikisha nane katika kumi arudie. Siku ya nne mnyama yupo, watoto hawapo: watu wazima wanaigiza. Mmoja apige ukelele ghafla, mwingine adondoshe ndoo, mwingine akatae kuachia kamba. Siku ya tano walete watoto wawili tu, robo saa kila mmoja.

Kanuni isiyovunjwa: kila kipindi kina watu wazima wawili. Mmoja macho kwa mtoto, mwingine macho kwa mnyama. Mshika kamba hafundishi, na anayefundisha hashiki kamba. Mshika kamba akisema "basi," kipindi kinasimama hapo hapo, hata kama mtoto alikuwa karibu kufika. Mabishano yangoje baadaye.

DaktariMifugo_Muheza

Hapo juu pamekaa vizuri. Naongezea upande wa zizi.

Mbuzi awe jike au dume aliyehasiwa, zaidi ya mwaka mmoja, asiye na pembe kama anapatikana. Beberu mzima msimguse: ananuka, anapanda, anapiga vichwa. Wachukueni wawili kila siku, maana mbuzi mmoja akitengwa na wenzake hulia kutwa na mtadhani ana njaa. Punda vivyo hivyo, ana rafiki yake. Mkiwatenganisha, atakayekuja atakuwa mwili tu.

Kabla hawajakutana na mtoto, wapimwe damu ya brusela, ugonjwa wa mifugo unaoambukiza watu. Maabara ya mifugo ya TVLA ina kituo hapa hapa Tanga. Mbuzi aliyezaa au kutupa mimba karibuni asiletwe, kwa sababu kondo na majimaji ya uzazi hubeba brusela na homa ya Q. Mwenye vipele na magaga kuzunguka midomo abaki nyumbani, ugonjwa huo hupita kwenye mikono ya watu. Wenye mabaka yaliyonyonyoka manyoya pia, msije mkawagawia watoto mapunye. Dawa ya minyoo kila miezi mitatu, na msikose mwanzoni mwa masika na vuli.

Joto la mwili liwe kwenye mafunzo, kwani watu wa afya hukosea hapa. Mbuzi mzima wa afya ana nyuzi 38.5 hadi 39.5, paka, mkimtumia, 38 hadi 39 na kidogo, punda karibu 37. Anayetumia kipimo cha binadamu atamwona kila mbuzi ana homa.

Dalili za kuchoka au woga:

Mbuzi hupiga kwato ya mbele chini, hutoa pumzi kwa kishindo puani kama chafya, na akipumzika hacheui. Paka hupigapiga ncha ya mkia, ngozi ya mgongo inatetemeka, masikio yanalala pembeni. Huyo amebakiza sekunde chache kabla ya kukwaruza. Punda ndiye mgumu. Akiogopa hakimbii kama farasi, husimama kama gogo, na sisi tunasema punda mkaidi. Mkia uliobanwa na midomo iliyokaza vinatosha kumwondoa. Mtu akianza kumvuta hatamu wakati huo, hajaelewa somo la siku ya tatu.

Vipindi viishe kabla ya saa tatu na nusu asubuhi, hasa miezi ya kaskazi. Mbuzi mmoja afanye kazi na watoto watatu, dakika 20 kila mmoja, kisha apumzike hadi kesho, na pumziko liwe na maji, kivuli na mahali ambapo mtoto hafiki. Chakula cha zawadi kitoke kwenye bakuli, kamwe si mfukoni. Mbuzi akishajua mfuko una pumba, wiki ya pili anaangusha watoto kuitafuta.

Wanyamapori hawaingii kwenye mpango huu: si tumbili, si komba, si kobe aliyeokotwa. IAHAIO nao wanataka mnyama wa kufugwa tu.

Na wale watu wazima tisa wachanjwe pepopunda kabla ya siku ya nne. Vijidudu vyake hukaa kwenye udongo na samadi, na kwato ya punda hukanyaga vyote viwili.

BintiNgamiani

Suala la mbwa lisiachwe juu juu. Fani hii ina historia ya mbwa: Boris Levinson, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeanza kuiandikia miaka ya 1960, alifanya kazi na mbwa wake Jingles, na mpango wa watoto kusomea mbwa vitabu ulianzia Salt Lake City mwaka 1999. Ndiyo maana miongozo iko hivyo. Kwetu wazazi wengi ni Shafi, na palipoguswa na mate ya mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mtoto akirudi na sare iliyolambwa, mmempa mama yake kazi na mmepoteza imani yake. Paka hana shida hiyo, na watoto wamemzoea barazani. Mtoto mwenye kigugumizi anaweza kumsomea paka aliyelala kwenye mkeka kama kule wanavyomsomea mbwa. Paka achanjwe kichaa akifikisha miezi mitatu, kisha kila mwaka, akatwe ncha za kucha, na choo chake kisafishwe kila siku na mtu asiye mjamzito.

Fomu ya ridhaa imtaje kila mnyama kwa jina lake, mzazi atie alama ya ndiyo au hapana kwa mmoja mmoja. Iulize pia pumu, mzio, kifafa, woga wa mnyama fulani, na kama mtoto amewahi kuumiza mnyama. Hilo la mwisho walimu huona haya kuliuliza. Ulizeni.

Mtoto aking'atwa au kukwaruzwa: sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kwa kutazama saa, kisha hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mnyama ana chanjo.

MwlMakorora

Ahsanteni sana. Mtaalamu wetu wa viungo anauliza kama wale wanne wa mtindio wa ubongo wanaweza kupandishwa punda kama wenzetu wanavyowapandisha farasi.

Fizio_Pwani

Mwaka wa kwanza, hapana.

Anachotafuta ni ule mwendo: mnyama akitembea, nyonga ya aliyepanda husogezwa mbele na nyuma, pembeni, na kwa kuzunguka, karibu na anavyotembea mtu. Ni kweli. Lakini inahitaji mtu mmoja wa kuongoza na wawili ubavuni kila mara, kofia ngumu, jukwaa la kupandia, na tandiko lisilogusa uti wa mgongo wa punda. Shirika la kutunza punda la The Donkey Sanctuary la Uingereza linaweka kikomo cha kilo 50 kwa mpandaji, na punda wetu ni wadogo kuliko wa kwao, kwa hiyo mimi nisingevuka 30. Mtoto mwenye nyonga iliyoteguka asipande, wala mwenye degedege lisilodhibitiwa. Mwenye sindromu ya Down asipande bila daktari kuthibitisha kwamba mifupa miwili ya juu ya shingo imetulia. Watu hupenda kumtaja Lis Hartel wa Denmark, aliyepata medali ya fedha ya kupanda farasi kwenye Olimpiki ya Helsinki 1952 miguu ikiwa imepooza kwa polio. Yule alikuwa mpanda farasi hodari kabla ya kuugua.

Fanyeni kwanza kazi ya chini, bila kupanda. Kumpiga punda brashi kwa mkono ulioinuka kunafungua bega kuliko mazoezi ya ukutani. Na shogi, ule mfuko wa pande mbili anaobebeshwa punda, ni darasa la hesabu: nazi tatu kulia, tatu kushoto. Mtoto akiweka nne upande mmoja, linainama na analiona mwenyewe kabla mwalimu hajafungua mdomo. Pakieni likiwa juu ya gogo mpaka wazoee, ndipo lipande mgongoni.

DaktariMifugo_Muheza

Moja limesahaulika, na kwa wanyama wa kuazima ni kubwa. Andikianeni na wale wafugaji wa Pongwe kabla ya siku ya nne: nani analipa dawa, nani anamrudisha mnyama akiugua, na kwamba mbuzi waliozoeleka na watoto hawauzwi wala kuchinjwa bila taarifa ya miezi miwili. Idi ya kuchinja bei hupanda, na mfugaji ana haki ya kuuza. Kama hakubali kipengele hicho, nunueni majike mawili yawe ya kitengo. Na kwa kushika, kufunga kamba na kukata kwato, ombeni mkufunzi kutoka chuo cha mifugo cha LITA Buhuri, wako hapo hapo Tanga.

MwlMakorora

Tutanunua mawili. Jumatatu naanza na fomu ya ridhaa, nitaiweka hapa muikosoe.