Naomba ushauri: pai ya pome (matofaa) kwenye babula (jiko la mkaa), chini inabaki mbichi

Wamama na ndugu wa Goma, nisaidieni. Sahani ni ya sentimita 24: unga wa ngano gramu 300, margarini baridi gramu 150, chumvi kidogo, maji baridi vijiko 5 au 6. Ndani pome kilo 1, sukari gramu 100, mdalasini, ndimu. Watoto wanamenya na kukata tu. Wakikanda sana, margarini inayeyuka mikononi na ukoko unakuwa mgumu.

Naoka ndani ya sufuria kubwa yenye mchanga, makala machache chini, mengi juu ya kifuniko. Juu inaiva vizuri, chini ni unga mbichi. Sababu inaeleweka: pome zikikutana na sukari zinatoa maji, na mchanga haujashika moto pai inapoingia.

Sasa, nipike pome kwanza na kijiko cha maizena (wanga wa mahindi) mpaka maji yakauke, ama nitangulize ukoko wa chini dakika 15, maharagwe makavu juu yake usivimbe? Yote yanakula makala, na bei mnaijua. Mchanga je, mnaupasha muda gani? Wenye furu ya umeme, nyuzi 190 nazijua. Umeme ndio haupo.