Tupeane uzoefu: wenye shahada nyingine tulioingia uuguzi, tulichaguaje chuo?

Binti wa Pasua, Moshi

Ndugu zangu, habari za majukumu. Nina shahada ya sosholojia, na kazi yangu ya sasa ni kuratibu mradi wa kuhudumia wagonjwa majumbani huku Moshi Vijijini, kazi ambayo imenionyesha kwamba ninachokitaka hasa ni kile anachokifanya muuguzi ninayeongozana naye, wala si takwimu ninazozijaza baada yake. Kidato cha sita nilisoma HGL, yaani Historia, Jiografia na Kiingereza, kwa hiyo shahada ya uuguzi ya hapa nchini, inayodai Kemia na Biolojia za kidato cha sita, imenifungia mlango. Kidato cha nne, hata hivyo, nilifaulu Fizikia, Kemia na Biolojia, na hizo zinanipa nafasi ya kuomba stashahada ya uuguzi na ukunga ya miaka 3. Upande wa pili zipo programu za nje zinazompokea mtu mwenye shahada ya fani nyingine na kumfikisha kwenye uuguzi kwa miaka 2 au pungufu. Naomba waliopita njia hizi waeleze walivyochagua na walichokikuta, na tafadhali tusiishie kwenye mishahara ya nje, maana hiyo kila mtu ameshaisikia.

Mwalimu wa Usa River

Dada, mimi nilibaki nyumbani. Nilikuwa mwalimu wa Biolojia wa sekondari mwenye shahada ya ualimu, na nilipoomba stashahada kupitia mfumo wa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi na vya kati, niligundua kwamba shahada ile haikuwa na uzito wowote: niliulizwa matokeo ya kidato cha nne, basi. Hakuna somo nililosamehewa, hata anatomia ya msingi ambayo sehemu yake nilikuwa nimeifundisha. Nilikaa darasani na watoto wa rika la wanafunzi wangu, nikavaa sare kama wao, na wakaniita Mama kabla ya muhula kwisha.

Katika kuchagua chuo nilitazama hospitali kuliko nilivyotazama majengo ya chuo, na hapo ndipo ningependa utulie zaidi. Vyuo vya huku kwetu vingi viko ubavuni mwa hospitali, kama Machame na Kibosho, na vingine viko mjini. Katika hospitali kubwa ya rufaa kama KCMC utaona magonjwa ambayo hospitali ya wilaya huyaandikia barua za rufaa tu, lakini kitandani pale pale wamesimama wanafunzi wa udaktari, wa shahada ya uuguzi na madaktari walio kwenye mafunzo kwa vitendo, na wewe wa stashahada unaweza kumaliza zamu nzima ukiwa umepima presha tu. Katika hospitali ndogo ya kanisa mlimani, mama akifika usiku na uchungu, mkunga wa zamu atakuita kwa jina, kwa sababu huenda uko peke yako. Mimi nilitaka kuzalisha, kwa hiyo nilichagua hospitali ndogo, na kitabu changu cha kusainiwa kazi za wodini kilijaa mapema. Anayelenga wagonjwa mahututi au chumba cha upasuaji angechagua kinyume changu, naye angekuwa sahihi.

Kuhusu fedha nitasema jambo moja tu ambalo vijana hawaliwazi. Nilipokuwa mwalimu nilikuwa nikikatwa asilimia 15 ya mshahara kulipa mkopo wa Bodi ya Mikopo niliosomea chuo kikuu. Nilipoacha kazi makato yalikoma, ila deni halikukoma. Fanya hesabu ya miaka 3 bila mshahara, ukiongeza deni lisilopungua, kabla hujatazama ada. Baada ya mtihani wa leseni wa Baraza la Uuguzi na Ukunga niliajiriwa kama Afisa Muuguzi Msaidizi, kwa sababu cheo cha Afisa Muuguzi kinafuata shahada ya uuguzi, wala si shahada yoyote uliyo nayo.

Mmachame wa ughaibuni

Ninaandika kutoka Uingereza, ambako nilisoma shahada ya uzamili inayomwandaa asiye muuguzi kusajiliwa. Watu wengi hudhani miaka 2 ni kozi iliyofupishwa, na wanaichagua kwa sababu hiyo. Haiko hivyo. Baraza la Uuguzi na Ukunga la kule, yaani NMC, linadai saa 4,600 za mafunzo, nusu yake nadharia na nusu yake vitendo, kwa kila anayesajiliwa. Kinachofanyika kwa mwenye shahada ni kwamba chuo kinapima alichokwisha kusoma na kukifanya, kisha kinahesabu sehemu ya hayo kana kwamba ameyasoma hapo, na Baraza limeweka kikomo kwamba kisizidi nusu ya programu. Mwaka mmoja unaouruka umeulipia zamani, kwa shahada yako na kwa saa ulizowahudumia watu.

Ndiyo maana maombi yangu yalikuwa na kazi kubwa ya ushahidi. Pamoja na barua ya maelezo binafsi na nakala ya matokeo, vyuo viwili kati ya nilivyoomba vilitaka jedwali la saa nilizowahudumia wagonjwa, likiwa limesainiwa na mtaalamu aliyenisimamia, pamoja na maandishi yanayoeleza nilichojifunza katika saa hizo. Chuo cha tatu kilikubali shahada yoyote, ila kilitaka mahojiano marefu yenye hesabu za dozi za dawa. Dada wa Pasua, sosholojia yako pamoja na kazi ya majumbani ni mali kwa chuo cha aina ya kwanza. Hapa nyumbani, kama Mwalimu alivyosema, hakuna aliyekuuliza.

Jambo la pili ni tawi. Uingereza huchagui uuguzi kwa jumla; unachagua wa watu wazima, wa watoto, wa afya ya akili au wa watu wenye ulemavu wa kujifunza, na usajili wako unaandikwa tawi hilo. Uamuzi huo unaufanya kwenye fomu ya maombi, kabla hujaingia wodi hata moja, na mimi naona hilo ni jambo gumu kuliko kuchagua mji.

Gharama ni nzito kwa mgeni. Ruzuku ya serikali ya kule kwa wanafunzi wa uuguzi haituhusu sisi wenye viza ya masomo. Unalipa tozo ya afya ya pauni 776 kwa kila mwaka wa viza, na fedha za kujikimu za hadi miezi 9 zinatakiwa kukaa kwenye akaunti siku 28 mfululizo bila kupungua, kwa hiyo ile tabia yetu ya kuchangishana harusi-harusi wiki ya mwisho haitasaidia. Kazi ya kibarua inaruhusiwa saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, lakini ukiwa kwenye zamu za wodini za saa 12, nyingine za usiku, hizo 20 hubaki kwenye karatasi.

Mkazi wa Njiro, Arusha

Naongezea la tahadhari. Wakala mmoja wa hapa mjini, ambaye simtaji, alinipa orodha ya vyuo vya Uingereza vyenye uzamili wa uuguzi wa mwaka 1, ada nafuu, bila masharti ya uzoefu. Nilisoma maelezo ya kozi zile moja moja: zote zilikuwa za wauguzi waliokwisha kusajiliwa wanaotaka kuongeza elimu. Mimi mwenye shahada ya biashara ningehitimu uzamili wenye neno uuguzi juu yake na nisingeruhusiwa kumchoma mtu sindano popote duniani. Nilipomuuliza, aliniambia kwamba usajili hufuatiliwa baadaye. NMC huorodhesha hadharani programu ilizoziidhinisha, na chuo kisichokuwa humo hakikupi usajili hata kiwe na jina kubwa namna gani. Kwa hapa nchini fanyeni vivyo hivyo kwa orodha ya vyuo vilivyosajiliwa na NACTVET.

Mtu wa Maabara, KCMC

Nilifikiria Marekani. Kule mwenye shahada ya fani nyingine anaweza kumaliza shahada ya pili ya uuguzi kwa miezi 12 hadi 18, kisha akafanya NCLEX-RN, mtihani wao wa leseni ya uuguzi. Wao hawahesabu saa zako za kuhudumia watu. Wanatazama masomo: anatomia, fiziolojia, mikrobiolojia, kemia, takwimu. Mimi niliyesoma sayansi ya maabara nilikuwa nayo karibu yote, lakini vyuo kadhaa vilikataa masomo ya sayansi yaliyopita umri waliouweka, na yangu yalikuwa yamezeeka. Dada wa sosholojia angelazimika kuyasoma kwanza, na huo ni mwaka mwingine usioandikwa kwenye tangazo la miezi 12.

Kaka wa Sanawari

Australia kwa kifupi: uzamili wa kuingilia kwa wahitimu ni miaka 2, na kiwango cha chini cha vitendo wodini ni saa 800. Linganisheni na 2,300 za Uingereza. Wapo wanaoliona hilo kuwa nafuu. Mimi niliona ni sababu ya kuuliza kila chuo kinatoa saa ngapi zaidi ya hizo 800, na majibu yalitofautiana vya kutosha kunisaidia kuchagua.

Binti wa Pasua, Moshi

Nawashukuru sana. Ninavyoelewa, kila nchi inachukua kitu tofauti kutoka kwenye maisha yangu ya nyuma, na nyumbani ndiko kunakochukua kidogo kuliko kote. Swali langu sasa ni kuhusu kurudi. Nikisoma Uingereza tawi la watu wazima, nikarudi baada ya miaka michache, nitafanya kazi hapa Kilimanjaro?

Mama Matroni mstaafu, Moshi mjini

Mwanangu, hilo ndilo swali la kuanza nalo, na mmelifikia mwishoni. Hapa kwetu tunamfundisha muuguzi na ukunga pamoja, kwa sababu katika zahanati ya kijijini huyo huyo anayefunga kidonda asubuhi ndiye anayezalisha usiku na kuchanja watoto kesho yake. Kule Uingereza ukunga ni taaluma nyingine yenye usajili wake. Muuguzi aliyesomea nje hupimwa na Baraza letu kabla ya kusajiliwa, mafunzo yake yakilinganishwa na ya hapa, na shahada yake hutambuliwa na TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu. Asiyewahi kusimamia uzazi asitarajie kwamba pengo hilo litapuuzwa. Katika utumishi wangu niliwapokea wodini waliotoka nje, wakiwa hodari wa kuandika mpango wa huduma na wepesi kugundua mgonjwa anayebadilika, lakini wakikwepa chumba cha kujifungulia. Niliwaweka chini ya wakunga wangu, na waliokubali kufundishwa na mtu mwenye cheti walikaa vizuri.

Kwa hiyo mimi ningekuuliza unataka kuzeekea wapi. Kama ni hapa, miaka 3 ya stashahada inakupa uuguzi na ukunga kwa leseni moja, nawe ukitunza GPA yako isishuke chini ya 3.0 utaomba shahada kwa sifa linganishi baadaye, ila hakikisha na masomo yako ya kidato cha nne, Hisabati na Kiingereza yakiwemo, yana D. Kama ni kule, nenda kule moja kwa moja, usipitie hapa kwa hofu.

Binti wa Pasua, Moshi

Shikamoo Mama, na asante. Hisabati ninayo D. Kwa kuwa mama yangu anaishi nami na afya yake si nzuri, nitaomba stashahada dirisha la udahili likifunguliwa, nikianza na vyuo vya hospitali ndogo kama Mwalimu alivyoshauri. Hata hivyo sitaki kuufunga mlango wa pili.

Mmachame wa ughaibuni

Basi jedwali la saa liandae sasa hivi, tarehe kwa tarehe, likitaja huduma uliyoshiriki, na umwombe yule muuguzi mnayeongozana naye asaini na kuandika namba yake ya usajili. Mimi nilitafuta saini ya msimamizi wangu baada ya mradi kufungwa, na yeye alikuwa amehamishiwa Katavi.