Naomba ushauri: vumbi linanishinda kwenye treni zangu ndogo

Habari zenu wakuu. Naishi Ujerumani, na kwenye chumba cha darini nimejenga meza ya treni za umeme za kipimo cha H0, yaani 1:87 (ndogo mara 87 kuliko treni halisi). Ina mita 3 kwa 1.2: stesheni, kijiji, kilima chenye handaki, na miti kama 200 hivi (hiyo miti ndiyo adui yangu).

Kuta hazina plasta, sakafu ni saruji tupu. Nikiiacha wiki mbili, mapaa yanageuka kijivu, taa za mabehewa zinapepesa, kisha injini inasimama kabisa, tena ndani ya handaki ambako mkono haufiki.

Brashi laini inahamisha vumbi tu, linatua relini, ambako ndiko umeme wa injini unapita. Mashine ya kufyonza vumbi, mdomo nikiufunga kwa soksi nyembamba ya kike, inasaidia, ila imeshang'oa vichaka na abiria wawili. Kosa langu kubwa ni kusugua reli kwa msasa. Ziling'aa siku mbili, sasa zinachafuka haraka kuliko mwanzo. Nadhani mikwaruzo inashika uchafu. Siku hizi nafuta reli na magurudumu kwa kitambaa chenye spiriti.

Je, reli zilizokwaruzwa hivyo zinaokoleka, au ning'oe niweke mpya? Na nyie meza mnaifunika na nini? Shuka la pamba linaacha nyuzi, nailoni inalaza miti.

Mke wangu anasema dawa ni kuuza vyote. Huo ushauri ninao tayari.